Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Mimi ni karani wa mji wa Ostrem, Saskatchewan.
Kazi yangu ni kuandika nani alisimama,
nani aliunga mkono, saa ngapi taa zilizimwa.
Si kazi yangu kuandika kikohozi.

Jumanne ya Februari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
magari yameachwa yakinguruma nje yasigande,
watu tisini na mmoja katika ukumbi wa klabu,
makoti mapajani kama watoto waliolala.
Hoja: shule ya zamani,
iliyofungwa wanafunzi walipobaki kumi na mmoja,
igeuzwe nyumba kumi na mbili za wazee.
Kodi nafuu. Hakuna ngazi.

Wayne Kowalchuk alisema, "Ushuru,"
akaketi.
Akainuka tena: "Ushuru! Na ngano imekauka misimu miwili."
Niliandika: Bw. Kowalchuk anahofia gharama.
Sikuandika kwamba mama yake,
miaka themanini na minne, alikuwa kando yake
akimpangusa theluji begani
kama anayempeleka darasani.

Marlys Tveit wa duka la dawa hakumung'unya maneno:
"Wazee wakiondoka, nami nafunga.
Nani atanunua dawa za presha hapa, paka?"
Kicheko.
Kicheko hakiandikwi.

Kisha Brody Sarauer, fundi wa matrekta:
"Na sisi je? Mimi, mke wangu, watoto wawili,
tunaishi chini ya sakafu ya mama mkwe.
Kila siku wazee, wazee.
Tutazeekea wapi, sisi
ambao hata ujana hatuna pa kuuweka?"
Ukumbi ukanywea.
Hakuna aliyemzomea, maana hakukosea.

Orest Hnatiuk akajiinua kwa fimbo, kiungo baada ya kiungo.
"Ninavyo vyumba vinne juu. Sijaviona tangu Pasaka.
Nalala jikoni, jirani na birika.
Nipe kimoja kisicho na ngazi,
uchukue hivyo vinne."
"Kwa bei gani?" Brody akauliza.
"Hapo," akasema mzee, "itabidi tugombane kwanza."

Kikakatwa shauri: aitwe mtaalamu kutoka Regina,
apime, ahesabu, alete ripoti mwezi wa sita.
Arobaini na saba, ndiyo. Arobaini na mmoja, hapana.
Watatu hawakuinua mkono; mmoja ni mimi,
mkono wangu ulikuwa na kalamu.

Uzee haungoji ripoti. Wala haupigi hodi:
huingia na viatu vyake vya theluji
ukaketi.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo
Dagny Aasen alinyoosha kidole
vile vile alivyotufundisha kunyoosha,
miaka thelathini na sita, darasa la tatu, jengo lile lile.
"Chumba cha mwisho, upande wa kusini,
kina dirisha kubwa. Jua la Januari hufika hadi ubaoni.
Nauliza kama dirisha mtaliacha."
Mwenyekiti akapekua michoro. Michoro haikusema.
"Tutalichunguza."
"Asante. Na bomba la joto hugonga likipoa.
Mwambieni atakayelala humo asishtuke."

Ripoti ililetwa Juni, kurasa sitini, picha za rangi.
Bi. Aasen alikuwa ameshahamishwa,
kilomita mia na arobaini, ghorofa ya tano,
katika chumba kinachotazama maegesho ya magari.
Nilimpelekea nakala. Akaisoma kwa kalamu nyekundu,
akasahihisha tahajia.

Lakini fungua daftari la Februari, ukurasa wa tatu.
Utayakuta yote: dirisha, jua, ubao,
bomba linalogonga.
Sheria ya mji inasema karani afupishe.
Sikufupisha.